Bwana Asilimia na Ukungu wa Bondeni

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, fundi yule alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la hospitali kuu, akachomoa kitambaa laini mfukoni na kufuta jicho la kioo. Alifuta kwa kuzungusha, kuanzia katikati kwenda pembeni. Akikuta buibui amejenga, alimwondoa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemwonyesha mlango mgeni aliyekosea nyumba.

"Huyu ni wa kumi na moja mwezi huu," alimwambia mwenzake kwa redio ya mkononi. "Nadhani wanafikiri tumewajengea wao."

"Huku kwangu ni ndege," mwenzake akajibu. "Kuna mmoja anakuja kujitazama kwenye kioo. Anajiona mzuri kuliko mimi."

"Hapo hajakosea."

Mwenzake huyo alikuwa fundi wa jengo la pili la hospitali, lililokaa juu ya kilima ng'ambo ya bonde. Kwa macho ni kilomita moja na nusu tu, lakini kwa gari ni karibu saa nzima, maana barabara inalizunguka bonde lote kwanza. Waliitana Jirani. Kwa miaka mitatu walikuwa wamezungumza kila siku, na kuonana ana kwa ana labda mara tano.

Hebu fikiria ajabu ya kazi yao. Juu ya kila paa kulikuwa na kisanduku cheupe, ukubwa wake kama ndoo ya maji, chenye jicho la kioo upande mmoja. Macho hayo mawili yalitazamana juu ya bonde bila kupumzika, na kati yake ulipita mwanga ambao binadamu hawezi kuuona. Ukisimama pale ukakodoa macho mpaka yakutoke machozi, utaona hewa tupu, mapaa ya mabati kule chini, na nguo zilizoanikwa. Kumbe ndani ya hewa hiyo hiyo zinapita picha za mifupa iliyovunjika, majibu ya damu, na sauti za watu wanaosalimiana. Waya ulikuwepo zamani, chini ya ardhi, lakini matingatinga ya kupanua barabara yaliukata mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara ya tatu hospitali ikasema basi. Simu za mkononi nazo hazikushika kule kilimani, labda mtu apande juu ya tangi la maji.

Fundi ndiye aliyeyafunga macho yale, na yalikuwa bado hayajatimiza mwaka. Alikaza skrubu robo ya mzunguko, akachungulia kwenye darubini ndogo, akamwomba Jirani naye akaze ya kwake, mpaka namba kwenye kipimo ikapanda kufika themanini. Siku ya kukabidhi kazi, mkurugenzi alimuuliza jambo moja tu: kitu hiki tukitegemee kiasi gani? Fundi akajibu bila kupepesa, "Asilimia tisini na tisa nukta tano." Tangu siku hiyo jina la fundi likafa. Akawa Bwana Asilimia. Wapishi wa hospitali wakimpakulia walimuuliza, "Tuambie, leo chakula kimeiva asilimia ngapi?"

Hakukasirika. Alipenda kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kutegemewa, na alikuwa hivyo tangu utoto. Nyumbani kwao hapakuwa na simu, kwa hiyo mama yake alimtuma yeye: kaseme kwa fulani hivi, ukirudi uniambie amejibu vipi. Mtoto alikwenda njia nzima akiyarudia maneno chini chini, hata akipita penye wenzake wanaocheza mpira hakugeuza shingo. Dada yake, aliyemzidi miaka tisa na ndiye aliyemlea wakati mama yuko kazini, alikuwa akijivuna kwa majirani: "Mdogo wangu ukimpa neno, neno lako litafika na koma zake."

Ndiyo maana alichokifanya miaka sita nyuma kilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Wakati ule alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, juu ya mlima mmoja, akifunga mitambo. Kazi ilibaki siku moja ikabidhiwe. Saa nane mchana simu yake ikatetemeka, na ujumbe wa dada ukaingia wote, herufi kwa herufi: *Mama ametutoka. Tunazika kesho saa kumi. Njoo mdogo wangu, tunakusubiri wewe.* Aliusoma. Aliusoma tena. Basi la jioni lilikuwepo na nafasi zilikuwepo. Lakini wakaguzi walikuwa wanakuja asubuhi, yeye ndiye aliyejua mitambo yote, na akajiambia kwamba mama hafufuki hata akikimbia vipi. Akairudisha simu mfukoni, akaokota bisibisi yake, akaendelea kukaza.

Alifika nyumbani siku mbili baada ya mazishi. Dada alimpokea mlangoni, macho yamevimba, akamuuliza jambo moja tu: "Hukupata ujumbe wangu?"

Na yule mtoto ambaye maneno yalifika na koma zake akasema, "Mtandao ulikuwa chini, dada. Nimeupata leo njiani."

Dada akamkumbatia. Mama yao mkubwa, yaani dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kiti palepale ukumbini, na yeye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Mtoto wa kiume mmoja, na hata kaburi la mama yake hakuliona likifukiwa," alisema. "Mtandao. Siku hizi kila mwenye kosa ana mtandao." Dada alimgeukia kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake: "Usimguse mdogo wangu. Amesema hakuupata, hakuupata."

Kwa miaka sita dada alikuwa akimtetea hivyo kwa kila aliyeuliza. Naye fundi kila mwaka alijipiga moyo konde kumwambia ukweli, na kila mwaka moyo ulimponyoka. Nyumba ilikuwa na wageni. Dada alikuwa amechoka. Siku yenyewe ilikuwa nzuri mno kuiharibu.

Kisha dada akaugua. Kifua kilibana, homa haikushuka, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa kuambukiza unaogoma kusikia dawa za kawaida. Wakampeleka kwenye wodi ya kutengwa, na wodi hiyo ilikuwa wapi kama si kwenye jengo la kilimani. Ndugu hawakuruhusiwa kupanda. Waliruhusiwa kukaa kwenye chumba kidogo cha hospitali kuu chenye benchi, saa ya ukutani na kioo cha televisheni, wakamwona mgonjwa wao kwa dakika kumi. Wodi ya dada ilikuwa na zamu ya saa mbili na nusu asubuhi.

Kwa hiyo ule mwanga usioonekana, alioufunga kwa mikono yake, sasa ulimbeba dada yake. Fundi alikata shauri. Safari hii hakuna wageni, hakuna siku nzuri ya kuharibu, na huenda muda wenyewe ukawa mfupi. Angemwambia.

Siku ya kwanza alikwenda na mpwa wake, binti pekee wa dada, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kusikika hadi dawati la nyuma. Picha ikatokea. Dada alikuwa amekaa kitandani, kilemba cheupe kichwani, amekonda mpaka mashavu yameingia ndani.

"Dada, unanipata?" fundi akauliza.

"Nakupata."

"Picha inakatika?"

"Haikatiki. Umenenepa."

"Hebu sogea kidogo kushoto, mwanga wa dirisha unaharibu." Dada akasogea, akakohoa. "Sauti je, inachelewa? Nikisema sasa, unasikia sasa?"

"Mdogo wangu," dada akasema, "umekuja kunisalimu au kunipima?"

Muuguzi aliyesimama nyuma ya kitanda akacheka ndani ya barakoa. Mpwa akacheka. Fundi naye akacheka, akaona haya.

"Wenzangu wa wodini wanajua wewe ndiye uliyefunga hiki kitu," dada akaendelea. "Nimejisifu nacho kweli. Wananiuliza kama kitakuwepo kila siku."

"Asilimia tisini na tisa nukta tano."

"Na hiyo nusu?"

"Nusu ni ndogo, dada. Ni kama saa arobaini na nne kwa mwaka mzima."

"Najua ni ndogo, mimi si mjinga. Nauliza inaangukia siku gani."

Swali hilo mkurugenzi hakuliuliza, na fundi hakujiuliza. Namba yake aliipata kwa kupima miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa ya kiangazi, anga safi kama sahani iliyooshwa. Akaichukua hesabu ya kiangazi akaivisha mwaka mzima. Hata kama namba ingekuwa ya kweli, zile saa arobaini na nne hazikuapa kujigawa sawasawa, kidogo leo kidogo mwezi ujao. Zingeweza kuja zote pamoja, zikakaa.

"Inategemea," alijibu.

"Haya, tutategemea pamoja." Dada akavuta pumzi, na pumzi hiyo ilichukua muda. "Kuna mama kitanda cha pili, wanawe hawajamtokea siku nne. Analia. Nikamwambia usiwahukumu watoto, hii mitandao ina mambo yake. Mimi hapa, nikamwambia, mdogo wangu alikosa kumzika mama yetu kwa sababu ya mtandao, na hakuna mtoto aliyempenda mama kama yule."

Mpwa akainama. Fundi akasogelea kioo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Akatazama saa ya ukutani: dakika moja na nusu. Akajiambia kwamba jambo kama lile halisemwi kwa dakika moja na nusu, mtu akakatwa katikati.

"Kesho, dada," akasema. "Kesho nina maneno nawe. Marefu."

"Njoo nayo. Mimi siendi popote."

Kesho yake ukungu ukaingia.

Ulipanda kutoka kwenye mto ulio chini ya bonde, ukajaa taratibu kama maziwa kwenye sufuria, mpaka kilima cha pili kikafutika. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mvua ya kishindo haiudhuru mwanga ule sana. Matone ya mvua ni makubwa na yameachana, mwanga hupenya katikati yake. Lakini ukungu ni vitone vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kinaunyakua mwanga kidogo na kuutupa pembeni. Ukungu ambao mtoto anaukimbilia kwa furaha, akaushika kwa mikono, ndio unaoukata ule mwanga kabisa. Kipimo kilishuka kutoka themanini hadi arobaini, hadi ishirini, na kilipopita kumi na tano kushuka chini, kioo kwenye chumba cha ndugu kikawa cheusi. Ukungu ulikaa mpaka saa nne na ushee. Zamu ya dada ilikuwa imekwisha saa nyingi.

Siku ya pili ya ukungu, vivyo hivyo.

Muuguzi wa chumba cha ndugu, mama mmoja mpole ambaye kila mtu alimwita Sista, aliwaambia, "Iko redio ya akiba. Ni ya dharura, lakini dakika chache nitawapa. Bonyeza usemee, achia usikie. Haina picha."

Fundi aliijua redio ile, maana aliifunga yeye. Haikujali ukungu. Ilipita kwenye ukungu kama mtu anayepita kwenye pazia. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemo ndani ya pipa, neno moja kati ya matano linamezwa, na upande wa pili ingesikika chumba kizima cha wauguzi. Je, amwambie dada jambo la maisha yao kwa kelele zile? Amwambie bila kuona uso wake?

"Asante, Sista. Nitasubiri laini safi."

Siku ya tatu ya ukungu alikuwa juu ya paa tangu saa kumi na mbili. Kioo kilikuwa na umande, akaufuta. Kikarudisha umande, akafuta tena. Akaongeza nguvu ya mwanga hadi mwisho wa kitufe.

"Jirani, kwako kukoje?"

"Sioni hata pua yangu."

"Pua ile? Basi huo si ukungu, ni ukuta." Lakini hakucheka. "Hebu kaza ya juu, robo ya robo. Nina kumi na tatu hapa."

"Ndugu yangu, ukungu haukazwi kwa skrubu. Unajua hilo kuliko mimi."

"Nataka mbili tu, Jirani. Namba mbili."

Jirani akakaza. Kumi na tatu ikawa kumi na nne, ikacheza, ikarudi kumi na tatu. Saa mbili na nusu ikafika. Chini, mpwa wake hakungoja. Alikwenda kwa Sista, akaomba redio, akabonyeza na kusema kwa ile sauti yake ya darasani, "Mama, ni mimi." Na ndani ya kelele na mikwaruzo mama yake akajibu. Waliongea mambo madogo: maji ya bomba yamerudi, jirani kajifungua, mito ya kochi imefuliwa. Dada alisema kifua leo ni kizito. Akauliza, "Mjomba wako yuko wapi?"

"Juu ya paa, anatengeneza ili mwonane."

"Mwambie ashuke. Mwambie… sauti inatosha."

Mpwa akampa Sista redio, akapanda ngazi ya chuma na viatu vyake vya kazini, akachomoza kichwa juu ya paa. "Mjomba, mama anakuita. Anasema sauti inatosha."

"Nakuja. Dakika mbili."

"Mjomba, anahema vibaya."

"Niko kumi na nne, mwanangu. Nikipata kumi na tano tu atatuona wote wawili. Dakika mbili."

Mpwa alimtazama, akashuka. Fundi alikuwa na jicho kwenye kipimo, kitambaa mkononi, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Kama angeulizwa angeapa kwamba anamfanyia dada yake. Na ni kweli alikuwa anamfanyia. Lakini pembeni ya ukweli huo ulikaa mwingine, mdogo, usiotaka kutazamwa: kwamba maadamu laini haijafunguka, neno nalo haliwezi kusemwa, na kosa si la mtu, ni la ukungu.

Aliposhuka, ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Dakika za redio zilikuwa zimekwisha, nayo imerudishwa kwenye chaji. Mpwa alikuwa amekwenda shuleni kufundisha.

Saa nne ukungu ukanyanyuka. Ulifunguka katikati kwanza, kama mtu anayepasua mkate, kisha jua likamwagika bondeni na kila bati likang'aa. Namba ikaruka: ishirini, hamsini, themanini na mbili. Haikuwahi kufika hapo. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, imeoshwa na ukungu wenyewe.

"Jirani," akasema kwenye redio ya mkononi, karibu aimbe. "Themanini na mbili. Niombee dakika chache wodini, niambie nimuone dada sasa hivi."

Jirani akajibu, "Ngoja niulize."

Alikaa kwenye benchi la chumba cha ndugu peke yake. Kioo kikawaka. Haikuwahi kutokea picha safi kama ile. Angeweza kuhesabu nyuzi za blanketi. Dada alilala chali, kilemba kimevuliwa, nywele zake zina mvi nyingi kuliko alivyodhani. Mpira wa mashine ulikuwa mdomoni na kifua kilipanda na kushuka kwa mpigo wa mashine, si wake. Muuguzi wa kilimani akasogea mbele ya kamera.

"Alizidiwa saa tatu na robo, ndugu yetu. Amekata kauli. Daktari amemlaza kwa dawa ili mashine imsaidie. Lakini sema naye, pengine anasikia."

Akaondoka mbele ya kamera ili kumwachia nafasi. Sauti haikuchelewa. Picha haikukatika. Alikuwa na dakika kumi nzima na zaidi, na hakuna mtu nyuma yake.

"Dada," fundi akasema. "Dada, unanipata?"

Mashine ikapanda, ikashuka.

"Unaniona, dada?"

Hakuweza kusema kingine. Alikaa hivyo mpaka muuguzi akarudi na kumwambia kwa upole kwamba daktari anataka kuitumia laini.

Dada alifariki siku ya pili yake, mchana, anga ikiwa safi.

Wiki mbili baada ya mazishi, ofisi ilimtaka aandike taarifa ya miezi mitatu. Mkurugenzi, ambaye alikuwa mtu mwema, alimwambia kwamba mkataba unaruhusu kuondoa saa za ukungu kwenye hesabu, maana hali ya hewa si kosa la mtu. Fundi akasema hapana, ziandikwe zote. Akaandika kila asubuhi na dakika zake. Ile asilimia ikaporomoka, wapishi wakasikia, wakaacha kumtania. Na kwa jinsi fulani hilo lilimuuma zaidi ya utani.

Jumamosi akaenda nyumbani kwa dada. Mpwa alikuwa amekaa sakafuni akisahihisha madaftari, lundo kushoto, lundo kulia. Fundi hakukaa. Akamwambia akiwa amesimama, viatu mkononi, tangu mwanzo: mlima, saa nane, ujumbe, basi la jioni, bisibisi.

Mpwa aliweka kalamu chini. Nje mtu alipita akipiga mluzi, na mluzi ukaisha.

"Ulipata," akasema.

"Nilipata."

"Na siku ile ya redio ulitaka kumwambia hilo."

"Ndiyo."

"Mjomba, alikuita. Nilipanda ngazi nikakuita kwa mdomo wangu." Sauti yake ya darasani ilikuwa imekwenda wapi, haikujulikana. "Sasa unaniambia mimi nifanye nini? Nikusamehe? Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Si langu hilo."

"Sikuja kuomba hilo."

"Umekuja kutua mzigo."

Hakukana.

Mpwa akaokota daftari moja, akalirudisha bila kulifungua. "Yuko mtu mwingine anayestahili kuambiwa," akasema. "Unajua mama na bibi mkubwa, yule mama yenu mkubwa, hawakusalimiana tena tangu siku ile uliyorudi?"

Alijua walikosana. Alijiaminisha kwamba ni mambo ya kugawana nguo za mama, wanawake na mafungu yao. Hakutaka kuuliza, na asiyeuliza hujibiwa na nafsi yake anavyopenda.

"Ni kwa ajili yako," mpwa akasema. "Bibi alisema unadanganya. Mama akamwambia asikanyage kwake mpaka atakapokuomba radhi. Bibi hakuja mazishini. Nilimwona kwenye kona ya barabara, amekaa kwenye kiti alichoazima dukani, anatazama watu wakipita."

Wakaenda pamoja siku ileile. Mama mkubwa aliishi chumba cha mwisho cha nyumba ndefu, karibu na karakana ya kuchomelea vyuma. Alikuwa amezeeka sana. Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na alipowaona hakuinuka wala hakutabasamu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi. Mtoto wa mdogo wako."

"Ah. Mwenye mtandao."

Fundi akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono. "Nimekuja kukwambia ukweli, mama. Ujumbe wa msiba wa mama niliupata."

Karakana ilikuwa ikilia. Bibi akakunja uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikii. Masikio yangu haya yamekufa. Sema kwa nguvu."

"Nilipata ujumbe!"

"Umepata nini?"

Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo uani wakageuka. Mchomeleaji akazima mashine yake, akainua miwani mieusi. Fundi alimtazama mpwa wake kana kwamba angemwokoa. Mpwa alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono, anasubiri. Basi akasogea mpaka goti lake likagusa la bibi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia:

"Ujumbe niliupata, mama. Siku ileile. Nikausoma, nikaendelea na kazi. Mtandao haukuwa na shida. Nilimdanganya dada, na wewe ulisema kweli."

Bibi hakuutoa mkono wake. Midomo yake ilitikisika kama anayetafuna kitu kigumu.

"Miaka sita," akasema hatimaye, polepole. "Dada yako, mtoto niliyemvisha nguo za kwanza mwenyewe. Akipita pale njiani nageuza uso, naye anageuza wake." Akatazama barabarani, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Machozi yalimshuka bila yeye kuyashughulikia. Mpwa akatoka ukutani, akaja kukaa chini kando ya kiti.

"Rudia," bibi akamwambia fundi. "Tangu mwanzo. Polepole, karibu na sikio hili. Nataka kuyasikia yote."

Akasogea kwenye sikio, akaanza tena kutoka mlimani. Kila alipofika mwisho wa sentensi alisimama, akangoja bibi atikise kichwa, ndipo akaendelea.